Fomalini, panya na ile hoja ya "sisi sio panya"

Ikitajwa tu fomaldehaidi, ile gesi inayotoka kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi maiti) ya mochwari na kwenye gundi ya mbao za MDF (zile za unga wa mbao uliogandishwa), ubishi ni ule ule, huyu anasema imewapa panya kansa, yule anajibu panya sio mtu, mvutishe chochote kwa wingi uone kama hafi.

Jaribio linalotajwa sana ni la Marekani, matokeo yake yalitoka 1983. Panya walivutishwa gesi masaa 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, miaka 2. Waliovuta sehemu 14.3 katika kila sehemu milioni za hewa, karibu nusu walipata kansa ya pua. Kwenye 5.6 walipata wawili tu kati ya mia mbili na kitu, kwenye 2 hamna hata mmoja. Kwa nini iruke hivyo? Dozi ikiwa ndogo ute wa pua unaimudu (hata miili yetu inatengeneza fomaldehaidi kidogo kila siku), ikizidi seli zinakufa, zingine zinazaliana haraka haraka kuziba pengo na hapo ndo makosa ya kunakili vinasaba, yale yanayoleta kansa, yanapoingia.

Kwahiyo wa "sio panya" ana hoja. Tena panya anahema kwa pua tu, mzigo wote unaishia pale. Hata panya wa aina nyingine, wale wadogo zaidi, kwenye jaribio hilo hilo na dozi ile ile kubwa, walipata wawili tu, maana gesi ikiwachoma wanapunguza kuhema.

Ila hoja hiyo inakata pande zote mbili bana. Mtu anahema kwa mdomo pia, hasa akiwa kazini anahangaika, na gesi inashuka chini zaidi. Halafu IARC, shirika la WHO la saratani, ilivyoiweka kundi la kwanza (la vitu vilivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu) 2004 iliangalia wafanyakazi wa viwandani waliopata kansa ya nyuma ya pua, sio panya peke yao. 2009 ikaongeza kansa ya damu, kitu ambacho pua za panya hazikutabiri, na mwaka huo huo utafiti wa wapaka dawa maiti wa Marekani ukaonyesha aliyefanya kazi hiyo miaka mingi zaidi alikuwa na hatari zaidi ya kufa kwa lukemia, yaani hiyo kansa ya damu.

Mi naona mwenye kabati jipya la MDF afungue madirisha alale zake. Mhudumu wa mochwari isiyo na feni, anayemimina fomalini huku macho yanamtoka machozi, huyo usimletee habari za panya, mletee feni na barakoa ya kuzuia gesi, ile ya kitambaa haisaidii kitu.