Wazee Wawili, Boti Moja

Kazi yenyewe ilikuwa ya mserereko: nenda Kunduchi, pwani ya Dar, chukua wavuvi wakongwe, zunguka visiwa vya Mbudya na Pangavini, andika jina la kila mwamba, mlango wa bahari na fungu la mchanga. Ramani zetu zinatia huruma. Kisiwa ambacho mvuvi yeyote wa hapa anakiita Fungu Mbaraka, kwenye karatasi za mabaharia utakuta Latham. Huku karibu ndiyo kabisa, kuna doa na rangi ya bluu, basi.

Nikaelekezwa kwa wazee wawili wanaoijua bahari ile vizuri. Nisichoambiwa ni kwamba hawasalimiani tangu ugomvi wao wa jarife, ule wavu wa papa, na hakuna aliyekumbuka ulianza lini.

Mmoja akakaa omo, mbele ya boti, mwenzake tezi, nyuma. Mimi katikati, daftari mkononi, mshenga wa ndoa iliyokwisha vunjika.

Mwamba wa kwanza, mzee wa omo akasema, "Andika Mwamba Chewa." Nikaandika. Tezi ikajibu kwa kuongea na bahari: "Kijana, muulize huyo, chewa alimvua lini? Hapa panaitwa Kwa Mzigo."

"Kwa nini, babu?"

"Kuna mtu alimwaga dagaa wote hapa, na upepo hata haukuwepo. Mtu huyo yumo humu ndani."

Nikaandika yote mawili. Jina linalotumiwa na watu ni jina, hata kama limezaliwa na fitina. Basi ikawa hivyo kila tulipopita: huyu anataja, yule anasahihisha, na kila sahihisho lina aibu ya mtu ndani yake. Kinasa sauti kilijaa matusi ya kiutu uzima, yale ya mafumbo ambayo unayaelewa ukishafika nyumbani.

Nahodha, kijana mdogo, alinogewa mpaka akazima mashine ili asikie vizuri. Na siku hiyo ilikuwa bamvua. Dar, maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya meta 3, na saa tatu asubuhi yalikuwa yanakimbia kutoka. Tulikuwa juu ya fungu moja, wazee wakigombania jina lake, boti ikasema *kwaruuu*.

Tukashuka kusukuma. Upondo, ule mti wa kusukumia boti, ukazama mchangani, kiatu changu kikaufuata. Muda si muda maji yakawa vifundoni, kisha hayapo, boti imelalia ubavu.

Boti za wanaokwenda kula bata Mbudya zikapita kwenye maji ya kina, spika zinadunda. Jamaa mmoja akapaza sauti: "Shikamooni wazee! Mnasubiri daladala?"

Jua likakolea. Kivuli kilikuwa ukanda mwembamba tu chini ya ubavu wa boti, na kiliwatosha watu wawili. Wazee wakasogea, bega kwa bega, kimya. Halafu nikasikia wananong'onezana. Nikafurahi kweli, suluhu hiyo, na pengine jina moja la fungu lisilo na mpinzani. Nikawasha kinasa sauti polepole.

"Kijana," akaita mzee wa tezi, "tumekubaliana."

Kalamu tayari. "Panaitwaje, babu?"

"Andika: posho ilikuwa ya nusu siku, sasa ni ya siku nzima. Mimi na huyu mwenzangu."

"Na nahodha?"

Mzee wa omo akamtazama yule kijana kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyo ndiye atakayelipa."