Ben Ferencz, mwanasheria aliyeziamini karatasi

Mwishoni mwa Agosti 2011 Wakenya tulikuwa tumekaza macho The Hague. Ilikuwa imebaki wiki moja tu majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, waanze kusikiliza kama mashtaka dhidi ya watu wetu wa kwanza yathibitishwe, na katika kila stendi ya matatu palikuwa na mtu wa kuzichambua kesi zenyewe. Nikiwa katika kufuatilia habari hizo, nikamwona mzee mfupi amesimama upande wa mashtaka katika kesi nyingine kabisa, ile ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, Kongo. Alikuwa na miaka 91. Jina lake Benjamin Ferencz, na alikuwa amealikwa kusema maneno ya mwisho kwa niaba ya mashtaka. Nilidhani amepewa nafasi hiyo kwa ajili ya mvi zake tu. Miaka ilipita kabla sijafahamu kwamba mahakama hiyo yenyewe ilisimama kwa sababu watu wachache kama yeye waliidai kwa miongo kadhaa.

Alifariki Florida tarehe 7 Aprili 2023, akiwa na miaka 103. Taarifa za msiba zilimtaja kuwa mwendesha mashtaka wa mwisho aliyekuwa bado hai wa kesi za Nuremberg, zile za kuwahukumu Wanazi wa Ujerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ni kweli. Mimi namkumbuka kwa namna alivyozithamini karatasi.

Alizaliwa Transylvania mwaka 1920 katika familia ya Kiyahudi, akavushwa bahari hadi Marekani akiwa bado mtoto wa kubebwa. Baba yake alikuwa fundi viatu. New York ilimnyima kazi ya ufundi wake, akaishia kuwa mtunza majengo katika mtaa wa Hell's Kitchen. Kutoka huko kijana alifika Harvard kusomea sheria, na akiwa mwanafunzi alimsaidia profesa mmoja kufanya utafiti kuhusu uhalifu wa kivita. Alihitimu mwaka 1943, akavaa sare. Jeshi, kama yalivyo majeshi mengi, halikujali kisomo chake. Lilimtia katika kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege. Alishuka Normandy, akapitia majira ya baridi ya Ardennes, akatoka na nyota tano za mapigano.

Baadaye makao makuu ya Jenerali Patton yalihitaji mtu anayejua kuchunguza uhalifu wa kivita, naye akahamishiwa huko. Kazi ilianza na marubani wa Marekani waliotunguliwa wakauawa na wanavijiji wa Kijerumani. Ferencz alizitafuta maiti zao, nyingine akizifukua kwa mikono yake, na kuandika maelezo ya kila mmoja. Kisha zikafika kambi za mateso za Wanazi: Buchenwald, Flossenbürg, Mauthausen. Alizikuta maiti zimepangwa kama kuni. Aliingia akijua anachokitaka: ofisi ya kambi, madaftari ya waliokufa, orodha za walinzi. Katika kambi moja, mfungwa aliyekuwa amefanyishwa ukarani alifukua sanduku na kumkabidhi. Ndani mlikuwa na kadi za askari wa SS, jeshi la chama cha Wanazi, waliowahi kulinda pale, zenye picha zao. Kadi hizo zilikuwa zichomwe, naye akazificha moja baada ya nyingine. Angekamatwa na hata moja angeuawa papo hapo.

Huwa namfikiria sana karani huyo. Hakuwa na hakika kwamba atapona, wala kwamba yupo mtu atakayekuja kuuliza. Alitunza tu.

Vita vilipokwisha Ferencz alirudi kwao akiwa sajini, akaoa, kisha akaitwa tena Ujerumani kama raia, kufanya kazi chini ya Telford Taylor, mkuu wa waendesha mashtaka wa Marekani huko Nuremberg. Huko Berlin mmoja wa watafiti wake akaibuka na majalada ya ripoti zilizokuwa zikitumwa kutoka uwanja wa vita wa mashariki. Zilikuwa za vikosi vinne vya mauaji vilivyoitwa Einsatzgruppen, jumla watu wapatao 3,000, vilivyofuata nyuma ya jeshi la Ujerumani lilipoivamia Urusi ya Kisovieti mwaka 1941. Ripoti zilitaja mji, tarehe, kikosi na idadi ya waliouawa. Ya Kiev ilisema watu 33,771, kwa siku mbili, Septemba 29 na 30, 1941. Muuaji alihesabu hadi mtu wa mwisho, akapeleka hesabu kwa mkubwa wake kama mtunza ghala anavyopeleka hesabu ya magunia.

Ferencz alichukua mashine ya kujumlisha, akaanza kugonga namba. Alipovuka milioni moja aliacha. Akamwendea Taylor kudai kesi mpya, akaambiwa hakuna watu wala fedha. Akasema ataifanya mwenyewe, juu ya kazi alizokuwa nazo. Basi fanya wewe, akajibiwa. Alikuwa na miaka 27, na hajawahi kusimama mahakamani kuendesha kesi hata moja.

Walioshtakiwa walikuwa 24. Mwenyewe alieleza sababu bila kuipamba: kizimba kilikuwa na viti vichache. Hapo ndipo moyo wangu hugoma kila ninaposoma habari zake. Wauaji 3,000, viti 24! Alichagua wenye vyeo na wasomi, watu wenye shahada za udaktari, wanasheria kama yeye, na mmoja aliyewahi kuwa mchungaji. Waliobaki walirudi makwao kulea watoto. Aliishi na jambo hilo miaka 75, na hakuwahi kudai kwamba haki ilitimia.

Alifungua kesi tarehe 29 Septemba 1947, miaka sita kamili tangu siku ya kwanza ya mauaji ya Kiev, na kamanda aliyeyasimamia, Paul Blobel, alikuwa amekaa kizimbani akisikiliza. Ferencz alisema kisasi si lengo lao. Walichokileta ni ombi la ubinadamu kwa sheria. Kisha kwa siku mbili akaweka ripoti mezani, moja baada ya nyingine, akamaliza. Hakumwita shahidi hata mmoja wa kusimulia mauaji. Alijua shahidi anaweza kuyumbishwa na wakili hodari, lakini karatasi ya muuaji mwenyewe, yenye tarehe na namba, haiyumbi. Wote 22 waliofika mwisho wa kesi walitiwa hatiani. Kati yao 14 walihukumiwa kifo, wakanyongwa wanne, Blobel akiwamo. Wengine walipunguziwa adhabu, na kufikia 1958 hakuna aliyekuwa bado gerezani.

Sasa rudini nami Ituri. Watoto aliowatumia Lubanga kama askari waliitwa kadogo, neno letu wenyewe, na limeingia katika hukumu ya ICC. Januari 2009 shahidi wa kwanza alipanda kizimbani, kijana aliyesemekana kuwa mmoja wao; siku hiyohiyo akayakana maneno yake. Majaji walikuja kuutupa ushahidi wa vijana kadhaa. Kilichosimama imara ni picha za video, pamoja na ile ya kambi ya mafunzo ya Rwampara, Februari 2003, zilizoonyesha watoto waziwazi. Lubanga alitiwa hatiani Machi 2012, akafungwa miaka 14.

Na sisi Kenya? Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu waliouawa 1,133. Huko The Hague mashahidi walijitoa mmoja mmoja. Waendesha mashtaka walilalamika kwamba kumbukumbu za simu na za benki walizoziomba serikalini hazikuwafikia, na kufikia Aprili 2016 kesi zote zilikuwa zimekwisha bila mtu kutiwa hatiani. Wapo waliosherehekea, na wapo waliosema mahakama hiyo ni ya kuwaonea Waafrika. Lawama hiyo ya pili siidharau. Ferencz mwenyewe aliikosoa nchi yake hadharani kwa kuivamia Iraq na kwa kukataa kujiunga na ICC. Lakini wale 1,133 hawakuuawa na wazungu.

Januari ile ya 2008 shangazi yangu alikuwa akihudumu katika kanisa moja la Nakuru ambako watu walikimbilia. Kila jioni alipita na daftari la shule, akaandika jina la aliyeingia, kijiji alichotoka, aliyeachwa nyuma na alikoachwa. Alijaza daftari mbili na nusu. Bado ziko kabatini kwake, zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mchwa wasizifikie, na tangu siku ile hajaja mtu hata mmoja kuziulizia.