Ramu ya jirani na ndimu za kwetu

Mzee ninayepakana naye ukuta hapa Bristol ana kabati zima la chupa za ramu, ile pombe kali, na kila Jumamosi jioni ya kiangazi hunigongea mlango kuniomba ushauri. Ushauri wa ramu! Ananiomba mie, mtoto wa Wete, Pemba, niliyelelewa katika nyumba ambayo hata siki ikiulizwa imetokana na nini. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba sinywi. Akasema anajua wala hataki ninywe, anataka nimwonjee juisi kabla hajatia kileo, kwa kuwa mimi ni mtu wa visiwani.

Glasi ya mwanzo aliyonikabidhi ilikuwa na kipande cha nanasi ukingoni, mrija wa rangi mbili na mwavuli mdogo wa karatasi. Nimekaa Pemba miaka 23 na sijapata kunywa kitu chenye mwavuli. Nikamwambia hivyo, akacheka mpaka akatafuta kiti.

Nikirudi nyumbani huulizwa yale yale: huko wanakula nini, wanakunywa nini, kweli hawana embe? Zamani nilikuwa na jibu moja la kujigamba. Hawana kitu, nikisema. Nanasi lao limevunwa bichi likasafirishwa wiki nzima, ndimu ngumu kama gololi, dafu linatoka Thailand limechongwa na kuvikwa plastiki kama simu mpya. Yote hayo bado ni kweli. Lakini nimemwonjea mzee huyu juisi kwa miaka minne sasa, na siku hizi nikilitoa jibu lile naona haya kidogo.

Kwetu vinywaji hivi vya mwavuli, kokteli za ramu na juisi, watu wanavijua kwa mbali, kwenye meza za wageni Nungwi na Paje huko Unguja, na wengi wanadhani ni ufundi mkubwa. Hakuna ufundi wa kutisha. Daiquiri ya Cuba ni ramu, ndimu na sukari, basi. Piña colada ni ya Puerto Rico: nanasi, ramu na tui zito lililotiwa sukari, na tangu 1978 ndicho kinywaji chao rasmi. Mai Tai, ambayo jina lake limetoka Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, inasemekana ilibuniwa na Victor Bergeron, mwenye mkahawa, mwaka 1944 mjini Oakland, California, mahali ambapo hakuna mnazi wa kukwea. Humo mna ramu ya Jamaica, ndimu, kileo cha machungwa na shira ya lozi. Na hiyo ramu ni miwa. Wengi huitengeneza kwa molasi, ule ute mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, lakini Martinique wanachachua maji ya miwa mabichi, kisha wanayapika na kukusanya mvuke wake.

Sasa nenda Forodhani, Unguja, usiku. Jamaa anaupitisha muwa kwenye mashine, anaukunja, anaubana kipande cha tangawizi na ndimu katikati, anazungusha gurudumu, maji yanashuka na povu lake. Hiyo ni daiquiri ambayo bado haijapotea njia. Nilimwonyesha mzee video niliyoichukua pale, akaitazama mara mbili, akauliza bei. Nilipomtajia akafumba macho.

Kuna jambo jingine ambalo hata yeye hakulijua mpaka tulipolitafuta pamoja. Kabla ya kokteli palikuwa na panchi, na panchi haikuzaliwa Karibiani. Neno lenyewe linaonekana katika barua ya mtu wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ya mwaka 1632, na inasemekana lilitokana na neno la Kihindi lenye maana ya "tano", kwa vile vitu vitano vilivyokuwa vikichanganywa. Siku hizo mabaharia wa Kampuni hiyo walitumia araki, na araki ya Goa, India, na ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilikuwa ikipikwa kwa tembo la mnazi. Tembo lile lile ambalo kwetu mtu akilitaja hushusha sauti. Kwa hiyo kinywaji hiki kilianzia bahari yetu, kikahamia upande wa pili wa dunia kikakutana na ramu, na baada ya karne tatu na kitu kinarudi Nungwi kimejifunika mwavuli, tunakiita cha wazungu.

Sisemi haya ili tujivunie pombe. Wala sukari ya Karibiani si hadithi ya kufurahisha: ililimwa na watumwa, na mji huu ninaoishi ulinenepa kwa biashara hiyo. Sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, ilisimama katikati ya mji hadi Juni 2020, watu walipoiangusha wakaivingirisha na kuitumbukiza bandarini. Sisi nasi tusijitie usafi. Mikarafuu ya mwanzo Unguja na Pemba haikupandwa na watu huru.

Nimeitaja karafuu, basi nisimulie siku ya falernum. Ni shira ya Barbados, inauzwa kwenye chupa ndogo kwa bei ya kukera. Mzee aliifungua akaniwekea puani. Nikasema, "Hii karafuu." Akasoma karatasi ya chupa: karafuu, tangawizi, ganda la ndimu, lozi. Wengine wangekwambia harufu ile iliwarudisha utotoni wakadondosha chozi. Mie iliniwashia vidole. Anayejua kuchambua karafuu anaelewa: unakaa mbele ya rundo jioni nzima unatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na kuwasha, na asubuhi majamvi yanatandazwa tena kando ya barabara, na ole wako mvua ikikukuta huna wa kukusaidia kuanua. Ile chupa iliniudhi. Si kwa bei yake tu. Iliniudhi kwa sababu katika nyumba yetu, iliyolala na magunia ya karafuu msimu baada ya msimu, hakuna aliyewahi kuitia karafuu katika kinywaji zaidi ya chai.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu wangu. Disemba iliyopita nilihudhuria harusi nyumbani. Wali ulikuwa wa kutajika, nyama sitaki hata kuieleza, halafu zikaja jagi za juisi: unga wa pakiti, rangi ya chungwa inayobaki ulimini mpaka kesho yake. Nje ya uzio ule ule embe zilikuwa zikianguka na kupasuka, kuku wanazidonoa. Nilipofikia kwa shangazi yangu, mtoto alitumwa dukani mbio anifuatie soda, kwa kuwa mgeni wa Ulaya hawezi kupewa mabungo. Nimesafiri siku nzima nikiyawaza hayo mabungo! Nikamwambia, "Shangazi, mimi nataka bungo." Akanijibu, "Mwanangu, hayo ya watoto."

Nimeshaambiwa kwamba ni rahisi kwangu kusema, niliyezoea friji isiyozimika umeme. Ni kweli kwa kiasi. Harusi ya watu mia nne, matunda ya kukamua, maji ya kuaminika, barafu. Pakiti ni rahisi na haiozi. Lakini soda ya shangazi ilinunuliwa kwa fedha, na mabungo yalikuwa uani. Pale hapakuwa na suala la umasikini, palikuwa na suala la heshima, kwamba kilichotoka dukani kina heshima kuliko kilichotoka mtini.

Huku nako wana lao. Hilo neno lao la kitropiki linanichosha. Ndani yake wanamtia Mhawaii, Mjamaica, Mtahiti na mie wa Wete, kisha wanatukoroga na barafu. Rafiki mmoja wa mzee aliniuliza kama kwetu tunacheza limbo, ile ngoma ya Karibiani ya kupita chini ya fimbo. Na kuna upweke. Mzee anapima, anatikisa, anachuja, anapamba, mwisho anakaa na glasi moja mbele ya televisheni. Kwetu jagi la ukwaju likiletwa, linakuja na watu wanane na ugomvi wa nani kapewa kidogo.

Ila kupima anajua. Ana kikombe kidogo cha chuma cha pande mbili, na hamimini kitu bila hicho. Ndimu mililita 25, shira 20, hazidi. Mwanzoni niliona ubahili. Halafu nikaonja juisi yake ya nanasi, nanasi lile lile bovu la kusafirishwa, na nikatambua kwamba ilikuwa imepata ladha kuliko nyingi nilizokunywa kwetu, kwa sababu uchachu na utamu vilikuwa vinashikana mkono. Sisi sukari tunaimimina mpaka tunda linanyamaza. Jambo la pili: ndimu anaikamua dakika ile ile ya kunywa. Maji ya ndimu yakikaa saa kadhaa harufu yake inakufa, unabaki ukali mtupu; na sisi tunakoroga ndoo asubuhi tunauza mpaka magharibi. La tatu ni barafu. Yeye huihesabu kuwa ni maji, ambayo yatayeyuka na kupunguza makali, kwa hiyo hutengeneza kinywaji kikali kidogo kuliko anavyokitaka.

Kwa kumwibia ujuzi huo nina changu sasa, na hata yeye siku nyingine huiacha ramu akanywa hiki. Chemsha kikombe cha sukari na kikombe cha maji, karafuu nane, tangawizi ya urefu wa kidole, na ganda la ndimu lile la kijani tu, weupe wake ni mchungu. Dakika tano, funika, acha ipoe, chuja. Karafuu usizidishe, utakufa ganzi ulimi kama uliyekwenda kung'oa jino. Kisha kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko tia mililita 100 za nanasi, 30 za tui la kwanza, 25 za ndimu na 20 za ile shira, barafu za kutosha, tikisa mpaka mkono ukatae. Juu yake para kungumanga kidogo. Nimesema kidogo, akina dada wa kwetu wanajua kwa nini nasisitiza, na kwa nini wanacheka. Tui la kopo linafaa ukikosa, lakini aliye na nazi na mbuzi nyumbani akinunua kopo nitamshitaki kwa bibi yangu.

Nikanunua kikombe cha kupimia cha pili, nikampelekea mdogo wangu, ambaye ana mashine ya miwa karibu na stendi Chake Chake. Nikamweleza habari yote: ndimu kiasi hiki kwa kila glasi, tangawizi kiasi hiki, ladha haitabadilika asubuhi na jioni. Akanisikiliza kwa adabu, maana mimi ni dada mkubwa. Kisha akamkamulia mteja aliyekuwa akisubiri, akamjazia mpaka maji yakamwagika kwenye vidole vya yule bwana, akamwongezea tena.

"Dada," akaniambia, "nikikitoa hicho kikombe hapa watu wote wataniona ninawapunja."

Nilipoondoka kilikuwa juu ya mashine, amekitilia chenji.