Mgonjwa Hawezi Kupatana Bei

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam. Kabla hajaonana na daktari wala kujua atapimwa nini, karani wa dirisha la bima alimgeuzia fomu ya madai na kumwonyesha mahali pa kusaini. Safu ya vipimo ilikuwa tupu, safu ya dawa ilikuwa tupu, na ya bei vilevile. Nilipouliza anasaini kukiri kwamba amepokea huduma gani, nilijibiwa kwamba huo ndio utaratibu na kwamba nyuma yetu kuna foleni. Shangazi ni mwalimu mstaafu, aliyekatwa mchango wa bima tangu NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilipoanza kazi mwaka 2001 hadi siku aliyostaafu. Alisaini, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma na hakuwa na nguvu za kubishana na mtu.

Jambo hilo limenikera, na limenirudisha kwenye mjadala ambao wengi wetu tuliuacha mara ulipopoa, yaani ule wa Machi 2024. Mnaukumbuka. Kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo NHIF hulipia pamoja na bei zake, kilianza kutumika tarehe 1 ya mwezi huo, hospitali binafsi kupitia chama chao cha APHFTA zikasema bei zilizopangwa haziwezi kuendesha hospitali, baadhi zikasitisha huduma kwa wenye kadi, na watu waliokwisha kulipia matibabu yao kwa makato ya mshahara wakajikuta wanatakiwa kutoa fedha taslimu au waende kwingine. Katika siku zile nilisoma maoni mengi yenye hoja moja: Serikali ijitoe, soko lipange bei, daktari aamue tiba, na bima ilipe. Hoja hiyo inavutia kwa wepesi wake, na mimi naipinga kwa moyo wote.

Soko hupanga bei vizuri pale mnunuzi anapoweza kukataa. Mama anayenunua nyanya Kariakoo hubonyeza, huuliza, husogea meza ya pili, na akiona zote ni ghali hurudi nyumbani na mchicha. Mgonjwa hana meza ya pili. Anayemuuzia ndiye anayemwambia anahitaji nini, ndiye anayemwambia kiasi, na ndiye anayetaja bei, tena mara nyingi wakati mwenyewe ana homa, yuko chini ya dawa za usingizi, au yuko katika chumba cha kujifungulia akiwa ameshika mkono wa dada yake. Mwanamke aliyeambiwa saa nane za usiku kwamba mtoto amechoka na lazima apasuliwe hawezi kusema ngoja niulize hospitali ya jirani. Atasema ndiyo, na mume wake atasema ndiyo, na kila mmoja wetu angesema ndiyo.

Malipo nayo huvuta upande uleule. Bima inayolipa kwa kila kipimo, kila sindano na kila upasuaji humlipa zaidi anayefanya zaidi, hata pale ambapo kufanya zaidi hakumsaidii mgonjwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, katika ngazi ya taifa, upasuaji wa kujifungua ukizidi asilimia 10 ya uzazi wote, ongezeko hilo halihusiani tena na kupungua kwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Sisemi kwamba madaktari wetu ni wezi, kwa kuwa nawajua wanaokesha na wagonjwa ambao hawatalipwa hata senti kwa ajili yao. Nasema kwamba daktari aliyeajiriwa mahali ambapo utendaji wake unapimwa kwa mapato ya vipimo alivyoagiza huvutwa kila siku upande mmoja, na ni lazima awepo mwenye nguvu ya kuvuta upande wa pili. Mgonjwa hana nguvu hizo.

Tena fedha zinazotumika ni za nani? Ni asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi, nusu ikitoka kwake na nusu kwa mwajiri. Ni fedha za muuguzi wa Sumbawanga ambaye hajawahi kukanyaga hospitali zilizogombana na Mfuko, na ambaye akihitaji kipimo kikubwa hupanda basi usiku kucha. Kila kipimo kisicho cha lazima kinachofanyika Masaki au Upanga hapa Dar es Salaam kimelipiwa na muuguzi huyo. Serikali isipomsemea yeye mezani, sioni ni nani mwingine atakayefanya hivyo.

Kuhusu uamuzi wa tiba najua nitawaudhi rafiki zangu madaktari. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, pamoja na orodha ya dawa muhimu inayoambatana nao, haumfanyi daktari kuwa karani. Unamlinda mtoto mwenye mafua asichomwe seftriaksoni, dawa kali ya kuua bakteria, kwa sababu tu mama yake amesisitiza apewe sindano, na unatulinda sote dhidi ya siku ambayo dawa hiyo haitafanya kazi tena. Hata hivyo mwongozo huo una mahali unapoumiza, nami siwezi kujifanya sipaoni. Dawa zimepangwa kwa herufi kulingana na ngazi ya kituo, A kwa zahanati hadi S kwa huduma za kibingwa, kwa hiyo mzee ambaye hali yake imetulia kwa miaka mingi hulazimika kusafiri hadi hospitali ya mkoa kuchukua dawa ileile, kwa sababu tu herufi yake si ya zahanati ya kijijini kwake. Nauli yake haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba hospitali binafsi zilikuwa na hoja. Watumishi wa hospitali za umma hulipwa mishahara na Hazina, na majengo yao yamejengwa kwa bajeti ya Serikali. Bei inayotosha pale si lazima itoshe mahali ambapo mshahara wa muuguzi, umeme na mkopo wa mashine ya CT scan vyote hutoka katika malipo ya mgonjwa. Serikali inayomiliki hospitali na papo hapo kupangia bei hospitali za wengine inapaswa kuonyesha hesabu zake kuliko mtu mwingine yeyote. Nchini Japani hospitali nyingi ni za binafsi, lakini bei za huduma ni moja kwa nchi nzima na hupitiwa kila baada ya miaka 2, na kila mtu anajua lini. Uingereza, mwaka uleule wa 1999 tulipotunga sheria ya NHIF, iliunda taasisi ya NICE ambayo hupima kama dawa mpya inastahili kulipiwa na fedha za umma. Hukataa dawa nyingine, na watu huumia, lakini sababu huchapishwa na kukata rufaa kunaruhusiwa. Kwetu Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023, na mzazi wa kawaida alipata habari dirishani.

Na hakuna kitita kitakachomlinda mtu anayesaini karatasi tupu. Bei iandikwe kwanza, mgonjwa asome, ndipo asaini. Hilo halihitaji sheria mpya wala kikao cha Bunge.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, inakusudia kuwaingiza katika mfumo huu wakulima, mama lishe na vijana wa bodaboda, ambao hawana mwajiri wa kuwasemea wala chama chenye mwanasheria. Kwa ajili yao, Wizara ya Afya ichapishe hesabu iliyozaa kila bei katika kitita, ili hospitali inayolalamika ilalamikie tarakimu inayoonekana na sisi tuweze kupima nani anasema kweli. Mgonjwa anayekataliwa kipimo au dawa apewe karatasi yenye sababu na jina la daktari aliyeamua, na aelekezwe mahali pa kukata rufaa ambapo jibu hutoka kabla ugonjwa haujasonga.