Jimbo la Kanisa likifilisika Marekani, kapu la sadaka bado linapita

Habari zikifika nyumbani kwamba jimbo fulani Katoliki huku Marekani limefilisika kwa sababu ya madai ya watu walionyanyaswa kingono na mapadre utotoni, watu huwaza mnada: dalali, kengele, mabenchi yanauzwa. Wapi! Jumapili misa ipo kama kawaida, na kapu linapita.

Kinachoombwa ni hifadhi ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi, inayomwacha mdaiwa aendelee na kazi huku akipanga upya madeni yake, na sheria hiyo haimtaki mwombaji awe amekaukiwa. Tena wadai hawawezi kulilazimisha kanisa kuingia humo. Linaingia lenyewe, siku linayoitaka. Portland, Oregon, jimbo la kwanza kufanya hivyo, liliingia Julai 2004 saa chache kabla kesi ya unyanyasaji haijaanza kusikilizwa. Baltimore liliingia tarehe 29 Septemba 2023, siku mbili kabla sheria mpya ya Maryland ya kufuta ukomo wa madai, yaani muda wa mwisho wa kushtaki, haijaanza kutumika.

Ombi likishapokelewa, kesi zote za madai dhidi ya jimbo husimama. Kwangu mimi hapa ndipo mwathirika anapopoteza zaidi, kuliko hata kwenye pesa: askofu hapandi kizimbani kuulizwa nani alimhamisha padre yule kutoka parokia hii kwenda ile, na alijua nini. Mahakama hutangaza tarehe ya mwisho ya kuleta madai. Ukichelewa, kwa kawaida umekosa. Kinachofuata ni usuluhishi wa miaka, kampuni za bima zikibishania mikataba ya zamani, na mawakili wa ufilisi wakilipwa kutoka chungu kilekile kabla ya mwathirika.

Na chungu chenyewe hakina kila kitu. Parokia, shule na makaburi mara nyingi husajiliwa kando. Jimbo Kuu la Milwaukee lilihamishia karibu dola milioni 57 kwenye mfuko wa makaburi mwaka 2007, likaomba hifadhi mwaka 2011, na mwaka 2015 likakubali kulipa milioni 21. Jimbo lilijitetea kuwa fedha hizo tangu mwanzo zilikuwa za kutunza makaburi. Lakini barua ya askofu mkuu wa wakati huo kwenda Vatikani, iliyowekwa hadharani mwaka 2013, ilisema uhamisho huo ungezilinda vizuri zaidi dhidi ya madai ya kisheria.

Nakubali kwamba ufilisi huzuia mdai wa kwanza kukomba chungu, wa hamsini akakuta masizi. Lakini Los Angeles, bila kufilisika, lilikubali Oktoba 2024 kulipa dola milioni 880 kwa wadai 1,353. Rockville Centre, New York, lililoingia kwenye ufilisi, lilichukua miaka minne kufikia milioni 323 kwa watu wapatao 600.

Sasa nyumbani. Tanzania kanisa halihitaji ujanja huu, maana mlango umefungwa mapema. Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara. Kwa mtoto, hesabu huanza anapofikisha miaka 18. Kwa hiyo akiwa na miaka 21, umri ambao wengi hawajaweza hata kumwambia mama, muda umekwisha. Jinai ipo, na ni kali: kubaka ni miaka 30 au zaidi, pamoja na amri ya fidia. Ila fidia hiyo humdai mkosaji mwenyewe, ambaye aghalabu hana kitu. Aliyemwajiri na kumhamisha hatajwi.

Hata anayewahi muda hukosea jina. Parokia si mtu kisheria; ukiishtaki, shauri linatupwa. Anayeshtakiwa ni bodi ya wadhamini waliosajiliwa. Na kwamba mwajiri anaweza kubebeshwa mzigo, Kenya imeonyesha: mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliiwajibisha Tume ya Kuajiri Walimu pamoja na serikali kwa makosa ya mwalimu, wanafunzi wawili wakapewa shilingi milioni 5 za Kenya kwa jumla.

Ukomo wa makosa dhidi ya watoto ufutwe. Na muswada ukishatajwa tu bungeni, watu wa haki za watoto wakimbilie masijala ya ardhi kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari: shule, hosteli na majengo ya kupangisha yana hati kwa jina la nani, na jina hilo limebadilishwa lini.