Ringi ya Noether: jina la mtu au maelezo ya kitu?

Anayesoma aljebra ya chuo kikuu hachukui muda kukutana na "ringi ya Noether". Noether ni jina la ukoo la Kijerumani, la mwanahisabati Emmy Noether, na limezoeleka mno kama istilahi: Wafaransa huliandika kwa herufi ndogo, kama kivumishi kingine chochote. Swali linalowagawa wanaofundisha somo hili ni kama jina la mtu linapaswa kukaa mahali ambapo maelezo ya kitu chenyewe yangetosha.

Tuanze na kitu chenyewe. Ringi ni mkusanyiko wa vitu unavyoweza kuvijumlisha, kuvitoa na kuvizidisha bila kutoka nje ya mkusanyiko huo. Namba kamili ndizo mfano wa karibu. Chukua vigawe vyote vya 360. Vyote vimo ndani ya vigawe vya 180, navyo vimo ndani ya vigawe vya 90, halafu 45, 15, 5, na mwisho vigawe vya 1, yaani namba kamili zote. Hapo huwezi kupanda tena. Anza na namba kubwa kiasi gani, pita njia yoyote, utafika mwisho tu, kwa sababu kila hatua hudai kigawo cha namba ya nyuma yake, na vigawo vya namba vina idadi. Mafungu ya aina hii huitwa aidiali. Ringi ambayo kila mnyororo wa aidiali unaopanda lazima ukome ndiyo ringi ya Noether. Si ringi zote ziko hivyo. Ukiwa na polinomia (semi kama x² + 3x) zenye vigeu visivyo na idadi, fungu linalozalishwa na x₁, yaani vigawe vyake vyote, limo ndani ya lile la x₁ na x₂, nalo limo ndani ya lile la x₁, x₂ na x₃, na mnyororo haukomi kamwe.

Wanaolipinga jina hili wana hoja nzito. Sema "ringi ambayo minyororo ya aidiali hukoma", na mwanafunzi ameshapata nusu ya somo. Sema "ringi ya Noether", na hajapata kitu. Isitoshe, jina lenyewe limebeba mizigo mingi. Kuna kanuni ya Noether ya mwaka 1918, ambayo wanafizikia huitegemea kueleza kwamba nishati haipotei kwa kuwa sheria za maumbile hazibadiliki kadiri muda unavyopita. Hiyo haihusiani na minyororo hata kidogo. Kuna pia kanuni ya Max Noether kuhusu mikunjo, yaani mistari iliyopinda, na huyo ni baba yake Emmy. Na ukitafuta nani alitangulia, mambo yanazidi kuwa magumu. Mwanahisabati David Hilbert alikuwa amethibitisha mwaka 1890 kwamba aidiali za polinomia zenye vigeu vichache huzalishwa na vitu vyenye idadi. Emanuel Lasker, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alionyesha mwaka 1905 jinsi aidiali hizo zinavyochambuliwa hadi sehemu zake za msingi. Emmy Noether mwenyewe alikuwa na mazoea ya kusema kwamba yote yameshaandikwa na Dedekind, mwanahisabati Mjerumani aliyemtangulia.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Alichofanya Noether katika makala yake ya 1921 ni kuonyesha kwamba matokeo ya Lasker hayahitaji polinomia wala hesabu zake ndefu. Sharti la minyororo kukoma linatosha peke yake. Aliwafundisha wenzake waulize ni sifa gani hasa inayofanya uthibitisho usimame, na aljebra ya karne nzima iliyofuata imejengwa juu ya swali hilo. Na mtu huyu alifanya kazi katika chuo kikuu cha Erlangen, Ujerumani, tangu 1908 hadi 1915 bila mshahara. Alipohamia chuo kikuu cha Göttingen, mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert kwa kuwa mwanamke hakuruhusiwa kufundisha kwa jina lake. Mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alikwenda Marekani, kwenye chuo cha Bryn Mawr, akafariki Aprili 1935 baada ya upasuaji, akiwa na miaka 53. Jina lililofichwa nyuma ya jina la mwanamume leo liko katika kila kitabu cha aljebra. Mimi siko tayari kuliondoa.

Lakini hoja hiyo ya haki ina upande wake mchungu, na ni lazima tuukabili. Mwaka huohuo wa 1933, katika mji uleule wa Göttingen, kijana aitwaye Oswald Teichmüller aliongoza wanafunzi kuugomea mhadhara wa profesa wa hisabati Edmund Landau kwa sababu Landau alikuwa Myahudi. Teichmüller alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi tangu 1931, na pia alikuwa na kipaji kikubwa cha hisabati. Leo "nafasi ya Teichmüller" ni istilahi ya kila siku kwa wanaochunguza maumbo ya nyuso za vitu, kama uso wa mpira. Kama jina ni heshima, yeye hastahili. Kama jina ni anwani tu ya kutufikisha kwenye wazo, basi hata Noether hakupewa zawadi yoyote.

Naona majina haya hufanya kazi zote mbili, na anayefundisha ndiye anayeamua ipi itangulie. Darasani ningeanza na sharti la minyororo, bila jina lolote, mpaka mwanafunzi aweze kupanda kutoka 360 hadi 1 peke yake. Jina lije baada ya hapo, pamoja na miaka ya Erlangen na mihadhara iliyotangazwa kwa jina la mwingine. Kwa Teichmüller ningefanya vilevile: wazo kwanza, kisha jina, kisha ule mgomo dhidi ya Landau, bila kuuruka. Kiswahili kinatusaidia kidogo hapa, kwa kuwa tunaposema "ya Noether" jina hubaki zima na herufi yake kubwa, na mwanafunzi ana sababu ya kuuliza huyo Noether ni nani.