Seva ya Nane

Fungua jedwali la hatari la timu yoyote ya programu: wadukuzi, umeme kukatika, mtaalamu kuacha kazi. Siku ya kupandisha toleo jipya mara nyingi haimo. Mimi ningeiandika mstari wa kwanza, kwa sababu ya yaliyoikuta Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani.

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni hiyo ilianza kutumia toleo jipya la programu ya kupeleka oda za hisa sokoni. Seva zilikuwa nane. Fundi alinakili msimbo mpya (maandishi ya programu) kwenye saba, ya nane ikabaki na wa zamani, na hakuna wa pili aliyekagua. Toleo jipya lilikuwa limerithi swichi ya kale, yaani alama ndani ya programu inayowasha au kuzima kazi fulani. Kwenye seva ya nane swichi hiyohiyo iliamsha Power Peg, kipande cha msimbo kilichoachwa kutumika tangu 2003. Sehemu ya kuhesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ili kipande hicho kijue pa kuishia, ilihamishwa mwaka 2005, wala hakikujaribiwa tena. Oda ndogo 212 zikazaa miamala zaidi ya milioni 4.

Kilichofuata ndicho kinachonitisha zaidi. Wakihangaika kuuzima moto, mafundi waliondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba huku swichi ikiwa bado imewashwa. Sasa zote nane zikaugua. Dakika 45, hasara zaidi ya dola milioni 460. (Asubuhi hiyo, kabla soko halijafunguliwa, mfumo ulishatuma barua pepe 97 zikitaja hitilafu ya Power Peg. Hazikuwa zimepangwa kama tahadhari, kwa hiyo hakuna aliyezishughulikia.)

Dawa yake ni rahisi mno. Endesha sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, kwenye faili la programu katika kila seva. Jibu moja likitofautiana, usiwashe kitu. Swichi mpya ipewe jina jipya. Msimbo uliokufa ufutwe, usiachwe eti "huenda ukahitajika".

Breki nayo ikae nje ya programu yenyewe: kwa mfumo wa malipo, weka ukomo wa miamala kwa dakika kwenye lango ambamo malipo hupita, ukivukwa lango lifunge bila kumngoja mtu. Na zoezi la kurudi nyuma, yaani kurejesha toleo la zamani, lifanyike kwenye seva za majaribio kabla ya siku yenyewe, kwa mpangilio huu: zima swichi, hakikisha imezimika kila seva, ndipo uguse msimbo.